Dagaa wa mama mdogo na ule mchanga

Wiki iliyopita nilikua Ukerewe kwa mama mdogo, yeye anakausha dagaa toka sijazaliwa, yaani anawamwaga chini kwenye mchanga asubuhi boti zikirudi halafu jua likiwa kali jioni anakusanya. Shida ni mvua. Ikinyesha siku mbili tu dagaa wanaoza, wakipona wana mchanga na wanunuzi wa Mwaloni Kirumba, lile soko la samaki la Mwanza, wanakwambia hawa ni wa chakula cha kuku, na bei wanakupa hiyo hiyo ya chakula cha kuku.

Sasa mwaka jana yeye na wenzake kwenye kikundi chao cha vikoba wakakopeshana wakajenga vichanja, ni miti tu na nyavu kuukuu juu, hewa inapita chini na juu so dagaa wanakauka haraka na hawana mchanga kabisa. Wengine wanawaosha kwanza na maji ya chumvi, wengine wanakaanga na kufunga kwenye pakiti.

Pakiti ndo pana kazi jamani. Bila nembo ya TBS, wale wa viwango vya ubora, supamaketi hawakuangalii, ikabidi waanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa mafunzo na barua ya utambulisho. Nikamuuliza mama mdogo, mnapiga hesabu ya mkaa na mafuta? Akacheka, "mwanangu hiyo si natoa jikoni kwangu." Nikamnunulia daftari, tukaandika mpaka usiku, tukagundua pakiti ndogo walikua wanaiuza kwa hasara 😅 Jumamosi wanapandisha bei.