Nilivyovijaribu vipimaumbali vitatu vya leza huko Sikonge

Palahala dume alisimama ukingoni mwa mbuga, bega wazi, ametugeukia ubavu. Mimi ni mfuata nyayo katika kitalu cha uwindaji wa kitalii kusini mwa Sikonge, mkoani Tabora, na siku ile mgeni alinikabidhi kipimaumbali chake ili nimsomee mita. Nikabonyeza. Kikaandika 187.

"Mzee, mia na themanini na saba," nikamwambia mwindaji bingwa. Bunduki ya mgeni ilikuwa imewekwa sawa kwa mita 200, yaani kwa umbali huo risasi hugonga pale pale inapolengwa, hivyo akalenga moja kwa moja. Risasi ikatimua vumbi chini ya tumbo na palahala akaingia miombo. Tulifuata nyayo zake karibu saa nzima kuhakikisha hana jeraha, na kweli hatukuona tone la damu. Kesho yake nilirudi na futi kamba ya mita 50, nikapima kuanzia tulipokuwa tumesimama mpaka kwenye alama za kwato: mita 304.

Iliniuma sana. Risasi ya aina ile, ikiwa imewekwa sawa kwa mita 200, hushuka kiasi cha sentimita 25 ikifika mita 300, na mita 400 hushuka karibu mara tatu ya hapo. Neno langu moja lingeweza kumwachia mnyama taya au mguu uliovunjika. Nikamwomba Mzee ruhusa ya kujaribu vifaa vyote vilivyokuwepo kambini: kile cha mgeni cha bei nafuu, kingine cha bei ya kati, na Leica Rangemaster yake mwenyewe.

Barabara ya kambini imenyooka. Niliweka alama kila mita 100 hadi 400, nikasimamisha bati na gunia lililojazwa nyasi. Pembeni kulikuwa na mizinga ya nyuki juu ya miti ya mitundu, nayo nikaipima kwa kamba. Kwenye bati vifaa vyote vitatu vilisoma sawasawa mpaka mwisho, tofauti ikiwa mita moja au mbili. Kwenye gunia mambo yakabadilika. Saa saba mchana kile cha bei nafuu kilishindwa kabisa kupita mita 250; jioni jua lilipolala kikafika 300. Boksi lake limeandikwa 1,000! Ile elfu ni ya kitu kinachorudisha mwanga vizuri, kama bati au kibao cha barabarani. Manyoya ya mnyama hurudisha mwanga kidogo tu, na jua kali huongeza mwanga mwingine unaoingia kwenye jicho la kifaa na kukichanganya. Tena ile elfu ilikuwa yadi. Yadi 300 ni mita 274 tu, kwa hiyo siku hizi kabla ya kutoka kambini natazama kwanza kama kioo kinaonyesha M au Y.

Lakini hilo silo lililonidanganya kwa palahala. Kifaa hutuma mwale, husubiri urudi, kisha huhesabu muda. Kwenda na kurudi mita 300 ni kama sehemu 2 za milioni ya sekunde. Mwale wenyewe si mwembamba kama uzi. Hutanuka kadiri unavyokwenda, na mwale unaotanuka kufikia upana wa mita 2 kwenye mita 1,000 utakuwa na sentimita 60 kwenye mita 300, yaani unafunika kifua chote cha palahala na nyasi zilizo mbele yake. Nilirudi palepale mbugani nikalenga tena. Mita 187 kulikuwa na kichaka cha nyasi ndefu, wala usingekiona usipokitafuta. Kifaa cha bei nafuu kilishika kile kinachorudi kwanza. Kile cha bei ya kati kina chaguo la kusoma kitu cha mbali zaidi na kuachana na cha karibu, na kwa nyasi zetu za Septemba chaguo hilo lina thamani kuliko herufi zote za kwenye boksi.

Jaribio lililonifundisha zaidi alinionyesha Mzee. Tulikwenda palipo na mnara wa simu ambao nyuma yake ni anga tupu. Unasogeza alama ya kulengea iliyo ndani ya kioo polepole kutoka kushoto mpaka kifaa kisome, halafu kutoka kulia, halafu juu. Anga halirudishi kitu, kwa hiyo namba ikitokea ujue mwale umegusa chuma. Kile cha mgeni kilisoma mnara wakati alama ilikuwa bado iko kushoto kwake. Mwale wake ulikuwa umepinda kulia kwa alama! Leica ilisoma pale pale ilipolenga.

Kuhusu kipengele cha kukokotoa mteremko, sisi wa Tabora hatukihitaji sana. Mbuga zetu ni tambarare. Anayewinda kwenye milima ndiye akilipie: kwa mteremko wa nyuzi 20, mita 300 za mwale hulengwa kama 282.

Betri ni shida ya kweli. Leica inatumia CR2, na Sikonge sijaiona dukani, kwa hiyo Mzee huja nazo akiba kutoka Dar es Salaam.

Sasa nikipima naegemeza kifaa kwenye magongo ya kulengea, nabonyeza mara tatu kwa mnyama, kisha mara moja kwa mti wa karibu naye. Namba zisipokubaliana nasema, "Mzee, bado," na tunasogea. Mwezi uliofuata mgeni mwingine alisubiri dakika ishirini nikisema bado, bado. Tulitambaa nyuma ya kichuguu mpaka kifaa kikasoma 142 mara tatu mfululizo, na mti 145. Tandala alianguka hapo hapo aliposimama.