Nilivyoizoea kampuni kubwa nikiwa Kigoma

Kabla ya kuajiriwa tulikuwa vijana watatu kwenye chumba kimoja pale Mwanga, Kigoma, tukitengeneza mifumo ya kompyuta ya maduka na ya wafanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi. Mteja akipiga simu kwamba stoo inasoma vibaya, naingia kwenye seva, narekebisha, namwambia ajaribu tena. Yameisha.

Kampuni iliyonichukua ni ya huduma za fedha, makao yake Dar es Salaam, nami nikaruhusiwa kufanyia kazi hukuhuku. Kule seva ya wateja haiguswi kwa mkono. Unafungua tawi lako, yaani nakala yako ya kufanyia kazi, kwenye Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko na aliyelifanya; unaandika mabadiliko, unaomba wenzako wayapitie, majaribio yanajiendesha, kisha unasubiri siku ya toleo, mabadiliko yanapopelekwa kwa wateja. Kazi niliyokuwa naimaliza kabla ya chai ikawa inakula wiki. Niliona wanazungushana tu, na mengine hadi leo naona ni urasimu mtupu; fomu ya kuomba kusoma jedwali moja isainiwe na wakuu wawili, ya nini?

Kilichonigeuza ni mstari mmoja wa programu. Nilipewa tiketi, yaani kazi ya kurekebisha, ya ripoti ya miamala ya kila siku, nikakuta mahali muda umeongezwa saa tatu kabla miamala haijapangwa kwa tarehe. Enzi za Mwanga ningeufuta bila kufikiri. Safari hii nikaiuliza Git nani aliuandika, na kwa nini. Maelezo yake yalikuwa marefu kuliko mstari wenyewe: seva zinatunza muda wa UTC, saa ya rejea ya dunia nzima, Tanzania iko mbele kwa saa tatu, hivyo mtu akituma hela saa nane usiku, kwenye seva bado ni saa tano usiku wa jana. Uondoe mstari huo, na miamala yote ya kuanzia saa sita hadi saa tisa usiku itaangukia siku iliyopita, wahasibu wakeshe wakitafuta hela ambayo haijapotea.

Tangu hapo sigusi faili kabla ya kusoma historia yake. Humo ndimo nilimowajua watu pia. Jina likijirudia kwenye sehemu fulani, namtafuta mwenyewe. Yupo mzee mmoja wa hifadhidata ambaye wenzangu walimwogopa. Nikamwandikia: "Shikamoo mzee. Nimesoma sehemu hii, nimeelewa hivi, nimekwama hapa." Akajibu, "Marahaba kijana," na chini yake aya tatu za maelezo. Ukiandika "Mambo, una dakika?" ukanyamaza, unasubiri hadi jioni. Ukiwa mbali na ofisi, watu wanakujua kwa unavyoandika.

Mapitio ndiyo yaliyonitoa jasho. Unatuma kazi unayoiona safi, inarudi na maoni kibao. "Kaka, hela usiihifadhi kwenye namba za desimali," dada mmoja aliniandikia, akaniwekea mfano: kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba hizo inatoa 0.30000000000000004. Tumia namba kamili, hesabu kwa senti. Hapo sikuwa na la kubisha. Nikaanza pia kukata kazi vipande vidogo, kwa sababu mabadiliko ya mistari 40 mtu anayapitia akisubiri kikao kianze, lakini ya mistari 800 kila mmoja anamwachia mwenzake. Kila kipande naandika kinafanya nini na nimekijaribuje. Maoni hayajaisha, ila siku hizi mengi yanahusu kazi yenyewe, si kuniuliza nilikuwa nataka kufanya nini.