Sindano ya Jumamosi, hata goti lisipouma

Mwanangu alipotahiriwa, damu haikukoma kwa siku tatu. Mama yangu alipoona kitambaa kimelowa tena, akasema kwa sauti ndogo, "Ni ile ya mjomba wake." Kaka yangu alitutoka akiwa na miaka tisa bila ya mtu kujua jina la ugonjwa. Vipimo vya mwanangu vilionyesha hemofilia A kali, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda: fakta 8, protini ya kugandisha damu, ilikuwa chini ya asilimia 1.

Miaka ya mwanzo tulikuwa tukikimbilia hospitali damu ikishavuja. Goti la kushoto likivimba usiku, namkandia barafu mpaka alfajiri, ndipo tupande matatu akadungwe fakta. Lilivimba mara nyingi hata likawa halinyooki sawasawa. Daktari alinieleza kwamba damu ikiingia kwenye kiungo huila gegedu, ile tishu inayofunika ncha za mifupa, na gegedu iliyokwisha kuliwa hairudi. Maneno hayo yalinikosesha usingizi.

Kisha dawa za msaada za WFH, Shirikisho la Hemofilia Duniani, zikatufikia, tukaanzishwa kinga kwa emisizumabu, dawa ya kuzuia damu isivuje. Hii haitafutiwi mshipa. Hudungwa chini ya ngozi, tumboni au pajani. Wiki nne za kwanza ilikuwa kila wiki, sasa ni kila baada ya wiki mbili, kwa kipimo cha uzito wake. Nesi alinifundisha mpaka mkono ukaacha kutetemeka.

Kilichonitatiza zaidi ni zile siku za salama. "Mama, leo siumwi, sindano ya nini?" Nikamwonyesha kalenda ya ukutani, ambako siku za kuvimba nilizitia wekundu. Alihesabu miezi isiyo na alama hata moja, akapandisha shati.

Dawa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, wala haitakiwi kuganda. Stima ikipotea kwa muda mrefu naitia kwenye kikasha cha barafu, nikiwa nimeiviringa leso isigusane na barafu yenyewe.

Hata hivyo, alipoanguka shuleni tulikwenda kudungwa fakta 8 siku ileile, kwa sababu kinga hii haizuii damu iliyokwisha kuanza kuvuja. Mwalimu wake anajua: asipewe aspirini wala ibuprofeni.

Jumamosi iliyopita aliitoa chupa kwenye friji mwenyewe, akaiweka mezani robo saa ubaridi uishe, akaniita nikiwa jikoni.