Kadeti wa miaka 59

Nimeendesha malori miaka 22, Dar hadi Tunduma na kuvuka mpaka kwenda Lubumbashi. Mgongo uliponistaafisha sikutegemea kushika tena usukani wa aina yoyote. Mjukuu ndiye aliyenipeleka Kiwalani, nyuma ya duka la fotokopi, kwenye chumba chenye kompyuta mbili, usukani wa plastiki, pedali za miguu na vijana tisa wanaorusha ndege kwenye skrini kila Jumamosi. Ndege za kweli zinapita juu ya bati zikiwahi uwanja wa Julius Nyerere, na vijana wanataja aina yake kwa mlio tu, bila hata kuchungulia. Programu yao ni FlightGear, ya bure, na kompyuta zenyewe ni za zamani.

Chama kina vyeo. Kadeti hana mstari begani. Ukifikisha saa 20 na kufaulu mtihani unakuwa rubani msaidizi, mistari miwili. Saa 60 unakuwa rubani, mitatu; saa 150 kapteni, minne. Katika urubani wa kweli, leseni kamili ya kapteni wa ndege za abiria inadai saa 1,500, kwa hiyo tunapeana ukubwa kwa bei ya chini. Lakini daftari la saa linatunzwa kuliko daftari la vikoba, na anayejiongezea dakika kumi anasemwa mwezi mzima.

Siku ya kwanza nilichekwa mpaka kijana mmoja akakaa sakafuni. Ndege ikiwa chini haikatwi kona kwa usukani, inakatwa kwa miguu. Nilielezwa, nikaelewa, ila mikono haikuelewa. Cessna 172 inatoka maegesho, inaanza kwenda kushoto, nami nakata usukani kulia kama nakwepa bajaji, na ndege inazidi kuingia nyasini. Jina la Babu Scania nikalipata hapo hapo. Dawa niliitafuta mwenyewe: nilikalia mikono. Jumamosi mbili nilizunguka uwanja kwa miguu tu, viganja chini ya mapaja.

Kutua ndiko kulikonishinda kabisa, na tatizo halikuwa ndege.

Mwalimu wangu alikuwa kapteni wa miaka 20, fundi simu, mistari yake minne imeshonwa na mama yake kwa utepe wa dhahabu. Kijana mwenye adabu. "Mzee, samahani, naona kama tuko juu kidogo hivi." Akimaliza hiyo sentensi tumeshaipita nusu ya njia ya kutulia. Mimi nami najibu, "Najua, najua," kama nilivyozoea kuwajibu matingo. Kwenye lori tingo hamsahihishi dereva. Tukaanguka mara saba, kwa heshima zote.

Jioni moja umeme ulikatika, tukakaa nje na kahawa na kashata. Kapteni mwingine akasimulia ajali ya Tenerife, Machi 27, 1977. Boeing 747 mbili, ukungu, watu 583 wakafa. Ndege moja ilianza kukimbia ili ipae wakati nyingine bado iko kwenye njia ile ile. Fundi wa ndani ya ile iliyokuwa inakimbia aliuliza kama wenzao wameshatoka njiani. Kapteni akamjibu kwa mkazo kwamba wametoka, na fundi hakuuliza tena.

Sikulala vizuri. Nilimkumbuka tingo wangu mmoja, mlima Kitonga. Alinusa breki zinaungua akanyamaza, kwa sababu asubuhi nilikuwa nimemfokea kwa jambo la kipuuzi. Lori lilisimama kwa kujikwaruza kwenye ukingo wa mlima. Nilipomuuliza mbona hukusema, akaniambia, "Nilidhani unajua, bosi."

Jumamosi iliyofuata nilimweka kijana chini. Shikamoo tunaiacha mlangoni na viatu. Ndani, ukiona kosa, sema neno moja: juu, chini, spidi. Ukilirudia mara ya pili sijageuka, sema "paa tena," nami napaa. Nisipopaa, shika usukani, useme "nimeshika." Akakataa. "Mzee, si nitakuwa nakufokea?" Tukafanya mazoezi uani bila kompyuta, mimi nimekaa kwenye ndoo nashikilia sufuria, yeye pembeni. Sauti haikutoka. Mara ya kwanza alisema, "Juu, shikamoo." Ilichukua wiki tatu.

Mtihani wangu ulikuwa Dar kwenda Zanzibar, kilomita kama 70, kaskazini moja kwa moja. Ilikuwa Juni, na tunaweka upepo wa siku hiyo hiyo, yaani kusi, unaotoka upande wa kusini. Watu wa majahazi watanielewa: njia kubwa ya Dar imelala kaskazini mashariki hadi kusini magharibi, kusi inaipiga ubavuni. Nikikimbia kuelekea kusini magharibi pua ilitaka kugeukia kushoto, mguu wa kulia ukaikataza. Hapo nilizishukuru zile Jumamosi mbili za kukalia mikono. Njia ya Zanzibar imelala kaskazini na kusini, kwa hiyo kusi unakutana nayo usoni, ila ukitokea Dar inabidi uupite uwanja, ugeuke, urudi.

Niligeuka mapema mno. Taa nne za pembeni mwa njia, ambazo zinatakiwa ziwe mbili nyeupe na mbili nyekundu, zote zilikuwa nyeupe.

"Juu."

"Naju..."

"Juu! Paa tena!"

Mwenye fotokopi alichungulia dirishani. Nilisukuma mafuta mpaka mwisho, tukapaa. Kwa kanuni zetu kupaa tena hakukatwi alama, kinachokatwa ni ubishi. Mzunguko wa pili nikazipata nyeupe mbili, nyekundu mbili, spidi kama kilomita 120 kwa saa, ambayo kwenye lori trafiki angenipiga mkono. Magurudumu yakagusa, yakaruka kidogo, yakatulia.

Chumba kizima kikapiga makofi. Kijana aligeuka kunitazama, jasho linamtoka kuliko mimi, akaanza, "Mzee, samahani kwa..." Nikamwambia ndege bado haijaegeshwa, aendelee kuangalia mbele.

Zilibaki mita chache kufika maegesho, kona moja ya kushoto. Nikakata usukani.

Nyasini.