Pikipiki ya mashindano, Malindi: breketi ya mbele ya injini

Ufa uko kwenye breketi ya mbele, yaani kishikio kinachofunga injini kwenye fremu, upande wa kulia. Ulianza kuonekana kama uzi mwembamba wa kutu juu ya rangi, kando ya mshono wa zamani. Rangi ilipokwanguliwa ukapimwa: mm 14.

Kubandika bati nene na kuchomelea ni kuficha ugonjwa. Bolti ilipolegezwa, breketi ilifyatuka nje ikaacha mwanya wa mm 1.4 kati yake na injini. Basi bolti ndiyo iliyokuwa ikiikunja kila ilipokazwa, na mtetemo wa injini ya silinda moja ukamalizia. Chuma kinachofungwa kikiwa kimekunjwa hakidumu, hata kiwe kinene vipi.

Mwanya umezibwa kwanza: washa ya chuma ya mm 1.5, ikasuguliwa kwa tupa mpaka ikaingia kwa kusukumwa na kidole. Ncha ya ufa imetobolewa tundu la mm 3 ili usiendelee, ufa ukachimbwa kwa grenda, ukajazwa kwa kuchomelea. Juu yake imewekwa pembetatu ya bati la mm 3. Bati nene zaidi lingehamishia ufa kwenye bomba la fremu, ambalo ni jembamba.

Betri na CDI (kisanduku cha umeme wa kuwasha plagi) vilitolewa kabla ya kuchomelea. Pembetatu ilishikizwa kwa vidoa vya kuchomelea injini ikiwa mahali pake, kisha injini ikashushwa, mshono ukapigwa kwa vipande vya mm 20, huku na huku, ukaachwa upoe wenyewe. Maji hapana kabisa!

Kwa chumvi ya hapa pwani, wengi hukimbilia bolti za stenlesi. Kwa kutu ni nzuri, ila zile za daraja la kawaida, A2-70, huanza kuvutika kwenye mkazo wa MPa 450, na bolti za chuma za daraja la 8.8 hustahimili mpaka 640. Zimefungwa 8.8 za zinki. Rangi iliyo chini ya washa imeondolewa yote, maana ikisagika bolti hulegea bila nati kuzunguka. Hesi (mizunguko ya bolti) zimesafishwa kwa thina na kupakwa gundi ya buluu ya kuzuia bolti kulegea. Bolti zote ziliingizwa kwa mkono kwanza, ndipo zikakazwa: M10 (za unene wa mm 10) kwa Nm 45, M8 kwa Nm 25.

Mstari wa rangi nyeupe umechorwa kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye breketi. Baada ya nusu saa ya mwendo, injini ikishapoa, unatazamwa. Ukiwa umekatika, bolti haikazwi juu ya gundi iliyovunjika. Inatolewa, inasafishwa, inapakwa upya.

Breketi ya nyuma bado haijapimwa mwanya.