Mlio wa kwanza kinamasini

Mlio wa kwanza ndio unaoharibu watu. Sisemi ule wa saa halali, saa ambayo sheria inaturuhusu wawindaji kuanza kupiga bunduki, nasema ule unaoitangulia. Mko kwenye matete, maji yamefika magotini, kiza bado kizito, kila mtu anachungulia saa yake huku ameifunika kwa kiganja. Bado dakika sita. Bata wanapita juu, huwaoni, unasikia mabawa tu. Mara, ng'ambo ya kinamasi, puu! Kuna mtu uvumilivu umemwishia. Kimya kidogo. Kisha puu-puu kushoto, kisha kulia, na dakika haijaisha kinamasi kizima kinarindima. Aliyekuwa mwaminifu anabaki na bunduki yake baridi, bata wanatawanyika, na anajiona mjinga.

Mwaka mmoja nilikataa kuwa mjinga. Zilikuwa zimebaki dakika nne. Ndege mmoja akaja chini chini, akainama kuelekea bata bandia tuliowaelesha kuwavuta wenzao, umbo zuri, kichwa cheusi. Nikapiga. Mbwa akamleta. Mzee niliyekuwa nikiwinda naye, mtu aliyenifundisha hata namna ya kuvuka uzio na bunduki, akawasha tochi akamtazama. Alikuwa wa aina ambayo msimu ule ilikuwa imefungwa kabisa.

Nilisubiri karipio. Mzee akazima tochi, akasema, "Ungengoja dakika nne, kijana wangu, ungeiona shingo yake." Basi. Hakurudia tena neno hilo mpaka leo. Mimi nami sikumpeleka yule ndege kwa askari wa wanyamapori kama nilivyopaswa, nilimkanyagia topeni. Naandika hivyo kwa sababu nimechoka kusoma wawindaji wakisimulia makosa ya wenzao tu.

Nimewinda miaka 22 na nimesikia kila aina ya utetezi. Unaosikika sana ni huu: "Mimi naona vizuri." Mtu ana darubini ya bunduki ya 8 kwa 56, yaani inakuza mara 8 na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 56, anakwambia inavuta mwanga hata usiku. Ni kweli inavuta. Gawanya 56 kwa 8 unapata 7, maana yake mwali unaotoka nyuma ya kioo una upana wa milimita 7, na mboni ya kijana hutanuka kiasi hicho gizani. Ya mtu wa umri wangu haifiki huko, kwa hiyo sehemu ya mwanga alioulipia inaishia nje ya mboni. Lakini hata tumpe macho ya paka, darubini inamwonyesha mnyama. Haimwonyeshi aliyesimama hatua thelathini nyuma ya mnyama, nje ya kile kiduara.

Halafu kuna jambo la rangi, ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Mwanga ukipungua, chembe za jicho zinazotambua rangi zinaacha kazi na kuziachia zile zinazotambua kiza na weupe tu. Hizo hazijali wekundu. Ndiyo maana jioni ua jekundu linageuka jeusi mapema, wakati majani bado yanaonekana. Damu ya mnyama aliyejeruhiwa nayo inakuwa nyeusi juu ya udongo mweusi. Na ile fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa, tunayovaa ili tusipigwe risasi na wenzetu, inang'aa kwa sababu ya mwanga unaoiangukia. Mwanga ukiondoka, ni kitambaa cha kijivu chenye mtu ndani.

Utetezi wa pili una akili zaidi, na siku nyingine nakubaliana nao nusu: kwamba saa zenyewe zimepangwa kiholela. Marekani, bata na ndege wengine wahamaji huruhusiwa kupigwa kuanzia nusu saa kabla ya macheo, lakini jua likizama mwisho, hakuna hata dakika moja ya nyongeza. Majimbo mengi huko yanampa mwindaji wa kulungu nusu saa nyingine baada ya machweo. Uingereza, sheria ya kulungu ya 1991 inahesabu usiku kuanza saa nzima baada ya machweo. Ujerumani wanahesabu saa moja na nusu, na nguruwe mwitu wamewatoa katika katazo la kuwinda usiku. Sasa jicho la Mjerumani lina nini la ziada?

Na hata nusu saa si nusu saa ileile. Kwenye ikweta jua huchomoza karibu wima, hivyo nusu saa kabla ya macheo bado liko nyuzi 8 hivi chini ya upeo, na huko ni kiza. Nenda mpaka latitudo ya 50, wakati usiku na mchana viko sawa: linapanda kwa mshazari, na dakika zilezile 30 kabla liko chini kwa nyuzi zisizofika 6. Unaweza kusoma maandishi ya kwenye pakiti ya risasi. (Inachekesha kwamba sisi, ambao saa moja yetu ni saa ya kwanza ya mchana, tunashangaa sheria kufungwa kwenye jua.)

Kwa hiyo ndiyo, mstari ungeweza kuchorwa mahali pengine. Lakini nimegundua kwamba anayelalamika kuwa mstari umechorwa vibaya hana mstari wake wa kupendekeza. Anachotaka ni kuamua mwenyewe kila siku, bunduki ikiwa mkononi na mnyama akiwa mbele yake. Mimi sijiamini kiasi hicho.

Kuhusu wanaocheza na majedwali ya macheo na machweo sina mengi. Jua huchukua dakika nne kuvuka kila nyuzi moja ya longitudo, kwa hiyo aliye magharibi ya mji ambao jedwali limeuandikia anapaswa kungoja zaidi asubuhi. Namjua mmoja aliyetumia jedwali la mji wa mashariki asubuhi na la mji wa magharibi jioni, akapata siku ndefu kuliko aliyoumba Mungu. Simu zimemharibia.

Asubuhi kwa kweli ni rahisi. Asubuhi unangoja mwanga na mwanga unakuja. Jioni unangoja mnyama, na mwanga unakuacha. Umekaa juu ya mti tangu saa tisa, miguu imekufa ganzi, umeona majike na watoto wao, halafu dakika mbili baada ya muda kwisha dume linatoka kichakani kana kwamba linajua sheria kuliko wewe. Linasimama ubavu. Hapo ndipo nimewasikia watu wazima, wenye heshima zao, wakisema jua lilikuwa bado halijazama nyuma ya kilima. Hakuna anayehesabu kwa kilima. Machweo ni ukingo wa juu wa jua kuuacha upeo wa macho, kilima chako kiwepo kisiwepo.

Wanaopiga jioni hiyo wengi si majangili. Jangili hahitaji utetezi, anakuja na tochi yake usiku wa manane. Hawa ni watu wanaolipia kibali, wanaohesabu risasi, wanaomkemea mtoto akielekeza bunduki ya kuchezea kwa mtu. Wangechukia kuitwa wavunja sheria. Ila dakika, machoni pao, si sheria kamili. Ni kama kasi ya gari barabarani, inazidishwa kidogo bila mtu kujiona mwovu. Askari mmoja aliwahi kuniambia kuwa yeye hawatafuti watu hao kwa macho. Anazima gari mbali, anashusha kioo, anaandika saa ya kila mlio. Nilimuuliza akisikia ishirini kwa pamoja anafanyaje. Akasema anaandika wa kwanza.

Msimu huu nimeanza kwenda na mpwa wangu. Ana miaka 17, macho makali, na subira ya kuku. Juzi tulikuwa kwenye matete yaleyale. Zilipobaki dakika tano bata saba wakashuka katikati ya bata bandia wetu, wakawa wanaogelea hapo, karibu hata jiwe lingewafikia. Nilihisi mwili wake wote ukikakamaa.

"Mjomba."

"Bado."

"Mjomba, nawaona kabisa."

"Unaona umbo."

Puu! Ng'ambo ileile. Wale saba wakaruka wote kwa pamoja, maji yakatuchapa usoni, wakapotea. Kushoto wakaanza, kulia wakafuata. Mpwa wangu akanigeukia, na sikuhitaji mwanga kujua anavyonitazama. Alikuwa na haki ya kukasirika. Sikuwa na jibu la kumrudishia bata saba, na nilijua kwamba msimu mwingine atakuwa na rafiki zake, si mimi, na mlio wa kwanza utakuwepo.

Kwa hiyo nikamweleza kuhusu ndege yule, jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu wa nyumbani. Nilimsimulia mpaka kwenye tope, nilivyomkanyaga kwa kisigino huku mzee akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Saa halali ikafika tukiwa bado tunanong'ona. Hakuna aliyeinua bunduki. Mpwa wangu akatazama pale bata bandia wanapoelea, vichwa vyao vyote vyeusi katika mwanga ule, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyevipaka rangi na alijua si vyote ni vyeusi.

"Shingo yake ilikuwa rangi gani?" akaniuliza.

"Nyekundu," nikamwambia. "Nyekundu kama kutu."