Saa Tano Kasorobo, Gulioni Gernika

Jumatatu ya mwisho ya Oktoba, Gernika, mji wa Wabaski kaskazini mwa Uhispania, hufurika. Wakulima wa jimbo la Bizkaia huja na maharagwe, jibini la maziwa ya kondoo, asali, na vitunguu vilivyosukwa kama nywele za msichana. Mwaka ule nilikuwa nasoma Bilbao, na jioni nahudhuria euskaltegi, shule ya watu wazima wanaojifunza Kibaski. Nikapanda treni asubuhi kwenda kulitazama gulio hilo.

Darasani tulikuwa tumetoka kusoma saa, na somo hilo lilinikaa moyoni kuliko yote. Saa yetu ya saba mchana, ambayo wao huiita ya kwanza, ndiyo pekee iliyo katika umoja: ordu bata da. Inayofuata inaingia kwenye wingi, ordu biak dira, na kuanzia hapo hata neno la saa linaachwa, tarakimu inajitegemea: hirurak, laurak, bostak. Robo ni laurden, nusu ni erdi. Adhuhuri yenyewe ni eguerdi, nusu ya siku. Nilikuwa natembea barabarani nikiyasema hayo kimoyomoyo kila nipitapo chini ya saa ya kanisa.

Basi nikasimama mbele ya meza ya bibi mmoja muuza maharagwe. Alikuwa anazungumza Kibaski na mwenzake wa meza ya pili. Ghafla akainua uso, akaniuliza mimi: "Zer ordu da?" Yaani, saa ngapi?

Mzee wa umri ule alikulia enzi za Franco, dikteta wa Uhispania, lugha yake ilipokuwa marufuku shuleni. Wengi wao wakiona mgeni hugeuza ulimi mara moja, wanamsemesha Kihispania. Yeye hakugeuza. Nikatazama mkono wangu. Kichwani ilikuja kwanza ya kwetu, saa tano kasorobo, halafu ya kwao ikajipanga vilevile, na robo inayopungua ikabaki nyuma: "Hamaikak laurden gutxi dira."

Hakunisifu. Hakuuliza nimejifunza wapi. Alimgeukia mwenzake akamwambia muda wa hamaiketako umekaribia, basi. Sijui kama naweza kueleza furaha niliyoipata. Jibu langu lilikuwa limepokelewa na kutumika, kama jibu la mtu yeyote aliyepita pale.

Hamaiketako ni kitafunio cha saa tano asubuhi, na jina lake limetokana na saa hiyohiyo. Bibi akafungua kitambaa, akatoa talo, mkate mwembamba wa unga wa mahindi uliookwa juu ya bamba la chuma, una madoa meusi ya moto, umekunjwa na jibini ndani. Akaumega, akanipa kipande bila kuniuliza. Mahindi yale yalinukia kama jikoni kwetu Tanga.

Nikamweleza, polepole, kwa maneno niliyokuwa nayo, kwamba kwetu kuna chai ya saa nne, na kwamba saa nne hiyo ni saa kumi yao, kwa sababu sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Akaacha kutafuna. Akataka nimhesabie: jua limetoka, saa moja, saa mbili. Mwenzake naye akasogea kusikiliza.

"Na nyinyi huwa mnarudisha saa nyuma?" akauliza.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini alihitaji kuniuliza. Usiku wa kuamkia Jumapili, Uhispania, kama nchi nyingi za Ulaya, ilikuwa imerudisha saa nyuma kwa saa moja, kama kila mwisho wa Oktoba, na yake ya mkononi ilikuwa bado haijaguswa. Nikamwambia hapana, kwetu haturudishi. Karibu na ikweta mchana haupungui sana.

"Ng'ombe wangu nao hawarudishi," akasema. Nikacheka, lakini yeye alikuwa anasema kweli tupu: tangu jana walikuwa wanamwamsha mapema kuliko saa.

Akaivua saa yake, akaisogeza mshale palepale, kisha akanipimia maharagwe kilo moja, na kiganja kizima cha nyongeza juu yake.